Juu ya Kuunganisha Picha: Je, Ni Uongo?



Mwalimu mmoja wa mtaa alitujia na neno lililomsumbua. Katika mtaa wake yuko mjane kijana, ambaye mume wake alifariki mtoto wao akiwa bado tumboni. Mtoto sasa ana miaka minne. Yule mjane alikwenda mjini kwa mpiga picha akiwa na picha mbili: moja ya marehemu mume wake, amevaa koti lake la arusi, na moja yake mwenyewe akiwa amempakata mtoto. Akaomba ziunganishwe, hata wote watatu waonekane wameketi pamoja katika benchi moja. Kazi ikafanyika, tena ikafanyika vizuri, na picha sasa imetundikwa ukutani. Majirani wengine wakamwambia mwalimu, "Huu ni uongo, maana baba hakumwona mtoto huyu hata siku moja." Wengine wakasema, "Ni faraja tu, mwacheni." Mwalimu akatuuliza, "Mchungaji, nimwambieje?"

Hatukumjibu siku ile. Twakiri ya kuwa katika jambo hili tulikuwa na neno letu wenyewe lililotuchoma moyoni, nalo tutalieleza hapo mbele. Tulimwomba mwalimu atupe muda wa kufikiri, na haya ndiyo tuliyoyafikiri.

Kwanza yatupasa kuijua kazi yenyewe, maana mtu asihukumu ufundi asioujua. Picha iliyomo ndani ya kompyuta si kama picha iliyochorwa kwa mkono. Ni nukta ndogo sana, mamilioni, zilizopangwa safu kwa safu kama mbegu shambani. Kila nukta ina hesabu zake tatu, ya wekundu, ya kijani na ya buluu, na kwa kawaida kila hesabu huanzia 0 na kuishia 255. Kompyuta haijui ya kuwa hapa yuko baba na hapa uko ukuta. Yajua hesabu tu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi ni kuchagua: aionyeshe mashine ni nukta zipi zilizo za mtu, na ni zipi zilizo za ukuta nyuma yake.

Zipo njia nyingi za kuchagua. Moja ni kitanzi: fundi huuzungusha mstari kandokando ya mwili wa mtu, kama mchungaji amtiaye mbuzi kamba, na yote yaliyomo ndani ya mstari huwa yamechaguliwa. Nyingine mafundi huiita fimbo ya uchawi. Lakini wasomaji wasishtuke, maana hapana uchawi wo wote. Fundi huigusa nukta moja, na mashine hukusanya nukta za jirani ambazo hesabu zao zakaribiana na ile. Njia hii yafaa mahali penye rangi moja, kama mbingu isiyo na mawingu. Haifai sana kwenye nywele za mtu, maana huko ukingo hauko wazi. Nywele na ukuta vimechanganyika, na nukta nyingine ni nusu ya mtu na nusu ya ukuta. Fundi hodari huzichagua kwa nusu vilevile. Wanaoijua kazi hii wakitaka kujua kama picha imeunganishwa, hutazama kwanza nywele, kisha kivuli, kisha upande utokako mwanga.

Baada ya kuchagua, fundi huyapanga aliyoyachagua katika matabaka. Fikirini vioo vilivyowekwa kimoja juu ya kingine: katika kioo cha chini pana benchi, katika cha kati pana mama na mtoto, katika cha juu pana baba. Atazamaye kutoka juu huona picha moja. Fundi aweza kukisogeza kioo kimoja, kukipunguza, au kukififisha, bila kukigusa kingine. Kama jua lilimpiga baba upande wa kushoto na mama upande wa kulia, hana budi kuusawazisha mwanga, tena atatia kivuli ambacho hakikutoka kwa mwili wo wote. Mwisho matabaka yote hubanwa yakawa moja. Fundi mwenye akili hujiwekea nakala yenye matabaka yake. Lakini picha iliyokwisha kubanwa na kutolewa nje, mtazamaji hawezi tena kuinua kioo cha juu aone kilichokuwa chini yake.

Programu ijulikanayo kuliko nyingine zote za kazi hii ni Photoshop. Ilianzishwa mwaka 1987 huko Marekani na Thomas Knoll, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, pamoja na ndugu yake John. Kampuni ya Adobe ilianza kuiuza mwaka 1990, na yale matabaka yaliongezwa mwaka 1994. Siku hizi kazi za namna hiyo hufanyika hata katika simu ya kijana aketiye nyuma kanisani. Tena tangu mwaka 2023 programu hiyo yaweza kujaza pengo la picha kwa vitu ambavyo hakuna aliyevipiga picha popote, mtu akiandika tu maneno ya kutaja anachokitaka.

Lakini tusidhani ya kuwa shauri hili limeanza na kompyuta. Huko Uingereza mwaka 1857 alikuwako mpiga picha jina lake Oscar Rejlander. Alitengeneza picha kubwa aliyoiita Njia Mbili za Maisha. Katikati yumo mzee mwenye hekima, na vijana wawili kandokando yake: mmoja aelekea upande wa kazi, sala na kuwahurumia wagonjwa, mwingine aelekea upande wa kamari, ulevi na tamaa. Rejlander hakuwakusanya watu wote hao mahali pamoja. Aliwapiga picha kidogo kidogo, kwa vioo zaidi ya 30, kisha akavichapa kimoja kimoja juu ya karatasi, huku akiifunika sehemu nyingine, hata picha ikawa moja. Wako waliochukizwa, maana upande wa tamaa wamo wanawake walio uchi. Hata hivyo Malkia Victoria aliinunua nakala yake. Naye Rejlander hakuificha njia yake; aliwaeleza wapiga picha wenzake jinsi alivyoifanya.

Je, Rejlander alisema uongo? Sisi twaona sivyo. Hakuna aliyeitazama picha ile akadhani ya kuwa siku fulani, mahali fulani, wema wote na ubaya wote walikutana katika ukumbi mmoja. Kila mtu alijua ya kuwa ni mfano. Nasi tunaofundisha twatumia mifano kila juma. Mwalimu akisimulia habari za mkulima na shamba lake, hapana mtoto aulizaye shamba lile liko kijiji gani.

Sasa tuangalie habari nyingine tatu, maana hizo ni za namna nyingine.

Mwaka 1982, mwezi wa Februari, jarida la National Geographic la Marekani lilitoa katika jalada lake picha ya piramidi za Giza, huko Misri. Picha yenyewe ilikuwa imepigwa kwa upana, na jalada ni la wima. Basi kwa mashine ya kompyuta waliisogeza piramidi moja karibu na mwenzake, zipate kuenea. Mtu akisema, "Hapana aliyeumizwa," ni kweli, piramidi hazikulia. Lakini wasomaji walikuwa wakiliamini jarida lile kama jicho lao katika nchi wasizoweza kufika, na walipopata habari walianza kujiuliza ni kitu gani kingine kilichosogezwa.

Mwaka 2003, wakati wa vita vya Iraki, mpiga picha Brian Walski wa gazeti la Los Angeles Times alikuwa karibu na mji wa Basra. Alimpiga picha askari wa Kiingereza akiwaonyesha watu kwa mkono wajifiche. Katika picha moja mkono wa askari ulionekana vizuri. Katika picha nyingine, ya dakika ile ile, alionekana vizuri mwanamume aliyempakata mtoto. Akaziunganisha mbili zikawa moja iliyo bora. Picha ikatolewa, kisha mtu mwenye macho makali akaona ya kuwa watu kadha walioketi nyuma wameonekana mara mbili. Walski alifukuzwa kazi. Tazameni jambo hili: askari alikuwa wa kweli, mtoto wa kweli, vita ya kweli. Kila kipande kilikuwa kweli, na picha nzima haikuwa kweli, maana ilisema habari za nukta ya wakati ambayo haikuwako.

Habari ya tatu ni nzito kuliko hizo. Huko Urusi mwaka 1937 Stalin alipigwa picha akitembea kando ya mfereji uendao Moscow kutoka mto Volga. Kando yake alikuwako Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri, mtu aliyewapeleka watu wengi sana mautini. Baadaye Yezhov mwenyewe alianguka, akauawa mwezi wa Februari 1940. Kisha picha ile ikatolewa tena bila yeye. Mahali aliposimama pana maji ya mfereji tu. Hapo hapakuwa na kompyuta, ila kisu, rangi na mkono uliozoea. Na nia yake haikuwa kuipamba picha. Nia ilikuwa kuwaambia watu, "Mtu huyu hakuwako, na ninyi hamkumwona."

Tukiziweka habari hizi pamoja, twaona ya kuwa dhambi haimo katika kitanzi wala katika tabaka. Chombo kile kile kilichoufanya mfano chaweza kuufanya ushuhuda wa uongo. Basi tofauti ni nini?

Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika kitabu kizima juu ya uongo, yapata mwaka 395. Hufundisha ya kuwa mwongo ni mtu mwenye neno moja moyoni na neno lingine kinywani, naye ataka kumdanganya mwenziwe. Mtu aliyekosea tu, akisadiki alilolisema, si mwongo. Hata mzaha hauhesabu kuwa uongo, maana sauti na uso wa msemaji humjulisha msikiaji ya kuwa ni mzaha. Mafundisho haya yatufaa sana. Picha nayo ina namna ya kusema. Ikitundikwa ukutani kimya, pasipo neno lo lote, husema, "Hawa walikuwa hapa pamoja, na jicho la mashine liliwaona." Kama aliyeitundika ajua ya kuwa hawakuwa pamoja, naye ataka mtazamaji asadiki ya kuwa walikuwa, basi kinywa na moyo vimetengana. Lakini ikiwa mtazamaji aweza kujua, kwa umbo la picha au kwa maandishi yaliyo chini yake, hapo hapana udanganyifu.

Hapa mtu aweza kutupinga. Atasema, "Kila mpiga picha huchagua. Siku ya arusi huligeuzia jalala mgongo akaipiga picha bustani. Humngoja bibi arusi acheke. Naye pia ameacha mengi na kuchukua machache. Mbona huyo hamumwiti mwongo?" Neno hili ni zuri, na mtu asilipuuze. Twajibu hivi. Kuchagua hakuepukiki, hata mwenye kusimulia safari yake haisimulii hatua zote. Kila mtazamaji ajua ya kuwa picha ina kingo, na ya kuwa nje ya kingo yako mambo mengine. Aweza kuuliza, "Je, upande wa pili palikuwa na nini?" Lakini mtu akitolewa kutoka katikati ya picha na nyasi zikaoteshwa mahali pake, mtazamaji hajui ya kuwa pana la kuulizwa. Huyu wa kwanza amemwonyesha sehemu ya kweli. Huyu wa pili amemwonyesha ukamilifu usiokuwako. Tena twakubali ya kuwa hata kuchagua kwaweza kuwa uongo, nia ikiwa mbaya, kama shahidi atajaye pigo la pili na kulinyamazia la kwanza. Kwa hiyo kingo zenyewe hazimtakasi mtu. Mwulizeni kila mmoja: ulitaka nisadiki nini?

Sasa twasimulia neno letu, maana si haki kuwafundisha wengine huku tumeficha la kwetu.

Usharika wetu ulipokaribia sikukuu ya kutimiza miaka hamsini, baraza la wazee liliazimu kutundika picha kubwa mlangoni mwa kanisa, wageni waione. Ilichaguliwa picha ya siku ya kuweka jiwe la msingi. Katikati wamesimama wazee wawili wamelishika jiwe, mmoja huku na mmoja huku, na watu wamewazunguka. Mmoja wa hao wawili ndiye aliyewaamsha watu alfajiri mwaka mzima wapate kuchukua matofali. Lakini miaka kadha baadaye alionekana na kosa la fedha za sadaka, akatengwa, wala hakutaka kuungama. Basi katika baraza wengine wakasema, "Wageni watakuja kutoka mbali. Watauliza huyu ni nani. Tutajibu nini?" Akasimama mzee mmoja tunayemheshimu, akasema ya kuwa Katekisimo yatufundisha, katika amri ya nane, tusimwaibishe jirani, bali tumtetee na kumnena vema. "Tukimtoa katika picha," akasema, "tumemsitiri." Neno hili lilitupendeza, maana lilikuwa na sura ya upendo, tena lilituondolea tabu. Tukakubali. Sisi wenyewe ndio tuliotia sahihi.

Kijana mmoja fundi aliifanya kazi ile kwa muda mfupi. Alimchagua yule mzee kwa kitanzi, akamwondoa, akanakili nyasi na ukuta kutoka pembeni akaviweka mahali pake, kisha akawasogeza wanawake wawili pengo lisionekane. Ilikuwa kazi safi. Wageni walikuja, sikukuu ikapita, hapana aliyeuliza neno.

Juma la pili baada ya sikukuu, watu walipokwisha kutoka ibadani, tulimkuta bibi mmoja mzee amesimama mbele ya picha, ameegemea mkongojo wake. Alikuwa mama yake yule mtu. Tulitaka kupita, lakini akatuita.

"Baba Mchungaji, vidole hivi ni vya nani?"

Tukatazama. Fundi alimwondoa mtu mzima, kofia yake, koti lake na miguu yake. Lakini vidole vinne vilivyoushika ukingo wa jiwe alikuwa amevisahau, au labda aliogopa kuliharibu jiwe. Vilikuwa pale, vinne, havina mwenyewe. Sisi tulikuwa tumepita mbele ya picha ile kila siku, wala hatukuviona.

Hatukuwa na jibu. Bibi akasema, "Mimi navijua. Hiki cha mwisho alikivunja akichunga ng'ombe, akiwa mtoto; hakikunyoka tena." Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kama aliiba, Baba, semeni aliiba. Lakini jiwe alilibeba."

Tukamwambia, "Bibi, tumekosa. Utusamehe." Akatikisa kichwa, akaenda zake nyumbani.

Tangu siku ile tumeyafikiri sana maneno ya yule mzee wa baraza juu ya kumsitiri jirani. Katekisimo haikukosa, tuliokosa ni sisi tulioisoma. Kumsitiri jirani ni kuifunika aibu yake ili yeye mwenyewe abaki miongoni mwetu. Sisi tulifanya kinyume. Aibu yake ilijulikana na usharika mzima, hapakuwa na mtu wa kufichwa. Tulichokifunika ni kazi yake njema, ambayo wageni hawakuijua na watoto wetu wataisahau. Tena hatukumwuliza. Tena kwa kweli hatukumfikiri yeye hata kidogo. Tulijifikiri sisi wenyewe, usharika wetu upate kuonekana kama nyumba isiyokuwa na mtu aliyeanguka ndani yake. Ushuhuda wetu wa uongo haukuwa juu ya yule mzee tu. Tulijishuhudia uongo sisi wenyewe.

Na hapa ndipo tulipoona jambo ambalo hatukuliona tuliposoma habari za Yezhov. Tulidhani kazi kama ile ni ya watawala wakali wa nchi za mbali. Kumbe hata baraza la wazee, lililofungua kikao kwa sala, laweza kulifanya jambo la namna hiyo, tena kwa maneno ya upole. Hatusemi ya kuwa makosa haya mawili ni sawa. Huko watu waliuawa. Twasema ya kuwa tamaa iliyoshika kisu ni moja, ni tamaa ya kuyafanya mambo yaliyopita yakubaliane na sisi tulivyo leo.

Tuliyarudisha mambo kama tulivyoweza. Kwa bahati fundi alikuwa ameiweka picha ya kwanza. Tulieleza mbele ya baraza, kisha mbele ya usharika, tukaitundika ile ya kwanza mahali pa ile ya pili, na chini yake majina ya wote walioonekana, kwa safu, bila neno la sifa wala la lawama. Ile iliyokatwa tuliiweka kabatini katika sakristia, na nyuma yake tumeandika ni nani waliofanya hivi na kwa sababu gani, ili wajao baada yetu wasidanganyike. Yule mzee hajarudi kundini hata leo. Tungependa kuwaandikia ya kuwa aliona picha, akalia, akaungama. Lakini haikuwa hivyo, nasi tumekwisha kujifunza kutounganisha.

Basi tumrudie yule mjane na mwalimu wake.

Mwalimu, usimwambie aishushe picha ile. Yeye hakumtoa mtu, alimwingiza aliyempenda. Wala hakutaka kumwibia mtu neno. Picha yake yafanana na mfano kuliko ushuhuda, maana yasema, "Hivi ndivyo tungalikuwa." Majirani wote wajua ya kuwa marehemu hakumwona mtoto, kwa hiyo majirani hawakudanganywa. Lakini yuko mmoja katika nyumba ile asiyejua, naye ni mtoto. Kwake picha si mfano. Kwake ni ushuhuda, na kila siku yamwambia ya kuwa baba aliwahi kuketi karibu naye. Siku moja atahesabu miaka, au mwenzake shuleni atamwambia kwa ukali. Hapo atauliza, "Kama hili si kweli, na lile koti je? Na ule uso, ni wa baba kweli?" Hiyo ndiyo hasara ya picha iliyounganishwa kwa siri: huifanya hata ile ya kweli itiliwe shaka. Na mtoto huyu hana uso mwingine wa baba yake ila ule.

Kwa hiyo mshauri mama huyu mambo matatu. La kwanza, azitunze picha zile mbili za asili, asizitupe wala asiziache kwa mpiga picha, maana hizo ndizo mali ya mtoto. La pili, aandike nyuma ya ile iliyounganishwa, kwa mkono wake, ya kuwa iliunganishwa, na mwaka, na kwa nini. Maneno machache yatosha: ya kuwa baba alifariki kabla, na mama alitaka wawe pamoja. La tatu, mtoto atakapouliza, mama mwenyewe awe wa kwanza kumweleza, ampe na zile mbili azishike mkononi. Naye mtoto atakapojua ya kuwa mama alimwunganishia baba kwa sababu ya upendo, picha ile haitapungua thamani. Sisi twaona itaongezeka, maana itakuwa imeshuhudia jambo la kweli, yaani moyo wa mama yake.

Nanyi wazee na walimu mtakaoletewa shauri la namna hii, au mtakaotengeneza picha za sikukuu zenu, jiulizeni kwanza: Je, picha hii yasema mfano, au yashuhudia? Je, atakayeitazama ana njia ya kujua tuliyoyafanya? Na huyu tuliyemtoa au kumwingiza, kama angesimama hapa mlangoni pamoja na mama yake, je, tungeweza kumwonyesha? Swali la tatu ndilo lililotushinda sisi. Aliyeweza kulijibu bila kuona haya, na aendelee na kazi yake kwa amani.

Walimu wenye mawazo mengine juu ya neno hili na watuandikie.